Gesi ya meko na mawe yenye maji: Mbona Eldoret hatuna ghala chini ya ardhi?

Jumapili jioni, Kapsoya. Umekanda unga, chapati ya tatu iko kwenye kikaango, kisha moto wa meko unaanza kunywea taratibu hadi unazimika. Unautikisa mtungi kana kwamba kuna gesi imejificha huko ndani. Haipo. Unaubeba begani hadi dukani na kukuta bei si ile ya mwezi uliopita.

"Bosi, hii imepanda tena?"

"Si mimi, buda. Meli imechelewa Mombasa."

Unalipa. Chapati hazijui mambo ya meli.

Lakini jibu la huyo muuza gesi lina mambo mengi kuliko anavyodhani. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Eldoret ni safari ya takriban kilomita 800. Petroli na dizeli huja kwa bomba la Kenya Pipeline, ambalo lilifika hapa kwetu na Kisumu mwaka 1994. Gesi ya kupikia haimo kwenye bomba hilo. Inapanda milima kwa lori, inapita Nakuru, inapita Salgaa, inapita Sachang'wan, pale ambapo lori la petroli lilipinduka na kuwaka moto Januari 2009, likaua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekimbilia kuchota mafuta. Kila mtungi wa kilo sita unaouona Langas au Huruma umepita barabara hiyo.

Sasa jiulize: kama meli moja ikichelewa tu bei inaruka, kwani hakuna mahali pa kuweka akiba? Mahindi tunaweka ghalani, na hakuna mtu wa Uasin Gishu anayehitaji kufundishwa faida ya ghala. Gesi je?

Nilipoanza kuchimba swali hili (samahani kwa neno hilo) nilikutana na jambo ambalo sikuwahi kufundishwa shuleni. Kuna nchi ambazo huweka gesi yao ndani ya mawe yaliyojaa maji, mamia ya mita chini ya mashamba, na juu yake ng'ombe wanakula nyasi bila habari. Mengine yamefanya kazi hivyo zaidi ya miaka 60.

Kabla hatujashuka huko chini, tutenganishe gesi mbili ambazo mtaani tunaziita jina moja. Ya meko ni propani na butani. Ukiibana kidogo tu inageuka majimaji, ndiyo maana mtungi mdogo unakupikia wiki kadhaa, na ndiyo maana ukiutikisa ukiwa umejaa unasikia kitu kikicheza ndani. Nyingine ni gesi asilia, ambayo karibu yote ni methani. Hiyo hata uibane vipi katika joto la kawaida haigeuki majimaji. Lazima uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, kazi ya mitambo ya mabilioni. Kwa hivyo anayetaka kuweka gesi asilia nyingi, ya mji mzima kwa miezi mitatu, hawezi kujenga matangi ya kutosha juu ya ardhi. Anaangalia chini.

Kama uko nyumbani, fanya jaribio hili. Jaza beseni maji. Zamisha glasi humo mpaka ijae, kisha ipindue mdomo ukiwa chini, ndani ya maji. Chukua mrija wa soda, upinde, upitishe chini ya mdomo wa glasi na upulize. Hewa inapanda hadi juu ya glasi, maji yanasukumwa chini. Endelea kupuliza na utapata glasi iliyojaa hewa, imekaa katikati ya maji, haiendi popote. Sasa geuza kazi: sukuma ncha ya mrija hadi juu ya glasi na unyonye. Hewa inatoka, maji yanapanda tena kuchukua nafasi yake. Nyonya kwa pupa na mwishowe utakunywa maji ya beseni.

Hivyo ndivyo ghala la gesi katika mwamba wenye maji linavyofanya kazi. Kitu kimoja tu kinakosekana kwenye jaribio lako: jiwe.

Maana huko chini hakuna pango. Hili huwachanganya wengi. Watu wakisikia "gesi chini ya ardhi" wanafikiria shimo kubwa, jeusi, kama bwawa. Hapana. Fikiria sufuria uliyoijaza mchanga mpaka ukingoni. Imejaa, sivyo? Mimina maji na utashangaa yanavyoingia bila kumwagika, kwa sababu kati ya chembe na chembe kuna nafasi. Mwamba wa mchanga ni mchanga wa aina hiyo, uliozikwa na kugandamizwa mpaka ukawa jiwe, lakini vinafasi vyake vikabaki. Chini kabisa vinafasi hivyo huwa vimejaa maji, mara nyingi ya chumvi, ambayo hakuna mtu angeyanywa. Gesi ikisukumwa humo kwa nguvu inayozidi kidogo nguvu ya maji, maji yanasogea pembeni na kushuka, polepole, na gesi inakaa kwenye vinafasi vilivyoachwa.

Kwa nini haipandi hadi juu na kutokea sebuleni kwa mtu? Kwa sababu mbili. Kwanza ni umbo. Mwamba unaofaa umejikunja ukawa kama kuba la msikiti au bakuli lililofunikwa, ndivyo glasi yako ilivyokuwa. Gesi ni nyepesi kuliko maji, kwa hivyo inapanda mpaka kileleni mwa kuba na kunasa hapo. Pili ni kifuniko. Juu ya mwamba wa mchanga lazima kuwe na tabaka la mfinyanzi uliogandamana, na huo mfinyanzi lazima uwe umelowa. Hapo maji ndiyo mlinzi. Chukua kitambaa kikavu, kiweke mdomoni, puliza: hewa inapita. Kiloweshe, ukamue kidogo, puliza tena. Unaona kinavyogoma? Maji yaliyoshika vitundu vidogo hukataa kutoka. Vitundu vya mfinyanzi ni vidogo mara nyingi kuliko vya kitambaa chako, kwa hivyo gesi ingehitaji nguvu kubwa mno kupenya.

Ukisukuma gesi kwa nguvu kupita kiasi, hata hivyo, unaweza kukipasua kifuniko. Ndiyo maana kabla ya gesi yoyote kuingia, wahandisi hupampu maji kutoka kwenye mwamba kwa muda mrefu huku wakipima visima vya tabaka la juu. Maji ya juu yakianza kushuka, basi kifuniko kinavuja, na mahali hapo panaachwa.

Kuna jambo lingine la kushangaza, na hili ni la pesa. Unakumbuka ulivyonyonya mrija mpaka ukanywa maji? Ghala nalo liko hivyo. Ili gesi itoke kwa nguvu na visima visianze kutapika maji, lazima nyingine ibaki chini daima. Inaitwa gesi ya msingi. Katika maghala ya mwamba wenye maji, huwa nusu au zaidi ya gesi yote iliyomo, na mengine hufika asilimia 80. Yaani unanunua gesi, unaizika, na sehemu kubwa yake hutaiona tena maishani mwako. Ni kama mwenye nyumba anayekuomba deposit ya miaka kumi.

Nani atafanya hivyo? Yule ambaye hana chaguo. Ghala la kwanza la gesi chini ya ardhi lilijaribiwa mwaka 1915 huko Welland, jimbo la Ontario nchini Canada, kwa kurudisha gesi katika eneo ambalo tayari lilikuwa limechimbwa gesi. Hiyo ndiyo njia rahisi: mwamba umeshathibitisha wenyewe kwamba unaweza kushika gesi, na visima vipo. Lakini kuna miji mikubwa isiyo na maeneo kama hayo karibu. Mwaka 1946 huko Kentucky, Marekani, wakaamua kutumia mwamba wenye maji matupu. Wafaransa wakafuata mwaka 1956 huko Beynes, magharibi mwa Paris, kisha wakajenga la Chémery ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi ya aina hii. Marekani yenyewe ina takriban maghala 400 ya chini ya ardhi, na karibu moja kati ya kila kumi ni la mwamba wa maji.

Sababu ni baridi. Julai ya Eldoret inauma, hilo nakubali, lakini tunaishinda kwa sweta na chai. Kule Ulaya, nyumba nyingi hupashwa joto kwa gesi. Desemba wanahitaji gesi nyingi mno na Julai karibu hawaihitaji, huku bomba linalotoka mbali likileta kiasi kilekile kila siku. Basi wakati wa kiangazi wanasukuma chini, na wakati wa baridi wanavuta. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi wanachama kujaza maghala yao angalau asilimia 80 kufikia Novemba mosi. Watu wa kawaida wakaanza kufuatilia kiwango cha ghala kwenye habari kama sisi tunavyofuatilia jedwali la ligi.

Hadi hapa ni hadithi tamu. Sasa twende Herscher.

Herscher ni kijiji kilicho kusini mwa Chicago, eneo la mashamba ya mahindi. Mtu wa Moiben angejihisi nyumbani. Mwaka 1953 kampuni ya gesi ilianza kusukuma gesi katika mwamba wa mchanga uitwao Galesville, zaidi ya mita 500 chini, ili Chicago ipate joto wakati wa baridi. Kuba lilikuwepo. Kifuniko kilikuwepo, au ndivyo walivyoamini. Miezi michache tu baadaye, katikati ya mwaka huohuo, visima vya maji vya wanakijiji vikaanza kutoa mapovu. Gesi ilikuwa imepata njia ya kupanda.

Jiweke mahali pao. Unashusha ndoo kisimani, maji yanachemka bila moto.

Usukumaji ukasimamishwa. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya maji pia: walipampu maji kutoka pembezoni mwa kuba ili nguvu iliyokuwa ikisukuma gesi juu ipungue. Kisha wakashuka zaidi, katika mwamba mwingine wa mchanga uitwao Mount Simon, wenye vifuniko zaidi juu yake, na huko gesi ikakaa. Visima vya kuchunguza vikawekwa kuzunguka eneo zima. Herscher bado ni ghala la gesi hadi leo.

Kijiji cha Knoblauch hakikuwa na bahati hiyo. Kilikuwa karibu na Ketzin, magharibi mwa Berlin, upande uliokuwa Ujerumani Mashariki. Katika miaka ya 1960 gesi ilihifadhiwa chini yake, na siyo gesi asilia bali gesi ya mjini iliyotengenezwa kutokana na makaa ya mawe, yenye sumu ya kaboni monoksaidi. Ilivuja. Wakazi wakahamishwa na kijiji kikafutika. Eneo lilelile la Ketzin baadaye lilitumiwa na wanasayansi kujaribu kuzika hewa ya ukaa, kuanzia mwaka 2008, safari hii wakiwa na vifaa vya kupima kila kona.

Na kuna kisa cha Aliso Canyon, karibu na Los Angeles. Hilo si ghala la mwamba wa maji, ni eneo la zamani la mafuta, lakini linatufaa hapa. Oktoba 2015 kisima kimoja kilichochimbwa miaka ya 1950 kilipasuka na kumwaga methani hewani hadi Februari mwaka uliofuata. Maelfu ya familia walihama. Uchunguzi ulipofanywa, ilibainika kwamba bomba la chuma la kisima hicho lilikuwa limeliwa na kutu kutoka nje, kwa sababu ya maji ya ardhini. Miaka yote hiyo, hakuna aliyelikagua vya kutosha.

Mimi nasoma visa hivi vitatu hivi: jiwe zuri linaweza kushika gesi kwa muda mrefu kuliko umri wa taifa lolote. Shida inaanza pale binadamu anapokisia badala ya kupima, au anapotoboa shimo kisha akalisahau.

Turudi nyumbani. Je, Eldoret inaweza?

Jina la mji wetu lenyewe ni la mawe. Linatokana na neno la Kimaasai, eldore, mto wenye mawe, yaani Sosiani. (Wazee bado huuita Sisibo, kutoka shamba nambari 64.) Lakini si kila jiwe ni ghala. Uasin Gishu imekaa juu ya lava ya kale iitwayo fonolaiti, iliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likijiumba. Ndiyo yale mawe meusi, magumu, unayoyaona kwenye machimbo ya kokoto. Chini ya lava kuna miamba ya kale zaidi, migumu kama chuma. Hakuna kuba la mwamba wa mchanga, hakuna kifuniko kinene cha mfinyanzi.

Maji yapo, ndiyo. Yamekaa katika nyufa na mahali ambapo lava moja ilimwagika juu ya nyingine, na hayo ndiyo visima vya mitaa yetu vinavyovuta siku ambazo mifereji imekauka. Ni maji matamu, ya karibu, na yana njia za kupanda. Kuweka gesi hapo kungekuwa kuirudia Herscher kwa makusudi. Kwa hivyo mtu yeyote akija na mchoro mzuri akisema atazika gesi chini ya Kapseret, mwulize swali moja tu: kifuniko kiko wapi?

Lakini panda matatu ya Iten, simama ukingoni mwa mteremko, tazama chini Kerio. Huko ni dunia nyingine. Bonde limejaa mchanga na matope yaliyorundikana kwa mamilioni ya miaka, ndiyo sababu wachimbaji mafuta walilitamani. Mwaka 2016 Tullow ilichimba kisima cha Cheptuket katika Elgeyo Marakwet, kikazama zaidi ya kilomita tatu na kukuta dalili za mafuta. Dalili tu, siyo biashara. Lakini kisima kile kilionyesha kwamba chini ya maembe ya Kerio kuna miamba ya aina inayozungumziwa hapa. Kusema kwamba inaweza kuwa ghala ni kuruka hatua kumi. Ni bonde la Ufa, lina nyufa, na nyufa ndizo adui wa kifuniko.

Mfano halisi ulio karibu nasi uko Tanzania, na haukujengwa na mtu. Katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, kampuni ya Kiitaliano ya AGIP ilitoboa ardhi mwaka 1974 na kukuta gesi asilia ndani ya mwamba wa mchanga, imekalia maji, imefunikwa vizuri. Ni glasi ileile ya beseni lako, ila hii ilipulizwa na wakati. AGIP iliona haina faida ikaiacha. Gesi haikuenda popote. Miaka 30 baadaye, mwaka 2004, ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, ikawasha mitambo ya umeme Ubungo na tanuri za kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Hata Kenya tunayo ghala la namna hiyo, ingawa si la methani: katika msitu wa Kereita, Lari, kampuni ya Carbacid huchimba hewa ya ukaa iliyonaswa ardhini, ile inayotia mapovu kwenye soda.

Mei 2021, Rais Samia Suluhu alipozuru Nairobi, Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Siku bomba hilo litakapojengwa, swali la ghala litatufikia kwa kishindo, maana bomba moja likikatika viwanda vyote vinavyolitegemea vinasimama. Pwani kuna miamba ya kufaa kuchunguzwa. Baharini, kisima cha Mbawa kilikuta gesi mwaka 2012, kidogo mno kuchimbwa. Wakati huo ndipo mtahitajika ninyi mnaosoma jiolojia na uhandisi. Angalau mmoja wenu awe kwenye kile chumba ambamo mtu anaamua visima vya kuchunguza viwe vingapi.

Lakini meko lako halitumii methani, na njaa ya Jumapili haisubiri bomba.

Hapa Wahindi wametangulia. Huko Visakhapatnam, tangu mwaka 2007, kuna mapango yaliyochongwa ndani ya mwamba mgumu, karibu mita 200 chini, ambamo wanaweka gesi ya kupikia tani 60,000. Hayana chuma ndani. Kinachozuia gesi isitoke ni maji ya ardhini yanayousukuma mwamba kutoka pande zote: maji yanataka kuingia ndani, kwa hivyo gesi haiwezi kutoka. Yanayopenya hupampiwa nje. Mlinzi ni yuleyule, kazi ni tofauti. Na mwamba unaotakiwa huko ni mgumu, usio na vinafasi, jambo ambalo Kenya haijanyimwa.

Linganisha. Mwaka 2023 Wakenya walitumia takriban tani 360,000 za gesi ya kupikia, yaani karibu tani 30,000 kwa mwezi. Februari mwaka huohuo Rais Ruto alizindua ujenzi wa kituo cha Taifa Gas, Dongo Kundu, kilichopangwa kuhifadhi tani 30,000. Piga hesabu: hiyo ni mitungi ya kilo sita milioni tano, au mwezi mmoja wa upishi wa nchi nzima. Ni hatua. Lakini kiko Mombasa, kama vilivyo vituo vingine vikubwa, na sisi tuko mwisho wa barabara. Serikali iliongeza ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa gesi mwaka 2021, ikaupunguza hadi 8 mwaka uliofuata, ikauondoa mwaka 2023. Ushuru unaondoka kwa sahihi moja. Ukosefu wa ghala hauondoki hivyo.

Na akiba ikikosekana juu, inatengenezwa chini, mtaani, kwa njia za giza. Usiku wa Februari mosi mwaka 2024, huko Mradi, Embakasi, lori la gesi lililipuka katika kituo cha kujaza mitungi kilichokuwa katikati ya nyumba za watu. Kuna waliokufa, mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya kusimamia kawi, EPRA, ilisema maombi ya kituo hapo yalikuwa yamekataliwa. Kilikuwa kikifanya kazi hivyo hivyo. Gesi ya meko ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi angani kama methani, inatambaa chini, inaingia mitaroni na chini ya milango, inatafuta moto. Huhitaji ghala la mita 500 chini ya ardhi ili kupata Herscher yako. Inatosha jirani mmoja mwenye mitungi na mpira wa kujazia nyuma ya geti.

Ukijua mahali kama hapo mtaani kwenu, unajua. Harufu huwa haifichiki, kwa sababu gesi hutiwa ile harufu kali kwa makusudi ili upate kuinusa. Hao watu wa Herscher hawakuwa na mashine. Waliona mapovu, wakasema.

Na kuna jambo moja la maghala ya chini ya ardhi unaloweza kulifanya wiki hii. Wenye maghala hupima kila gesi inayoingia na kila inayotoka, kisha hulinganisha hesabu na nguvu iliyopo ndani ya mwamba. Hesabu zikikataa kukubaliana, kuna mahali panavuja, au kuna mtu anayedanganya. Mtungi wako nao umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, umegongwa kwenye chuma karibu na mshikio. Ukijumlisha kilo sita, unapata uzito unaopaswa kubeba nyumbani.

Kwa hivyo ukirudi kwa yule bosi wa duka, kabla hujalipa:

"Bosi, weka kwenye mizani kwanza."

Akisema mizani imeharibika, kuna duka jingine hatua chache mbele.